Gamba Si Paa: Kumkinga Kobe Wakati wa Mvua

Mvua ya masika inaponyesha katika kaunti za Migori na Homa Bay, kati ya mwezi wa Machi na Mei, kobe huonekana zaidi. Nyasi ni laini, maji yapo, naye hutoka kutafuta chakula. Mtoto akitoka shuleni humwokota mmoja kando ya barabara, akamleta nyumbani. Wazazi huona hakuna ubaya: opuk, kama wengi wetu tunavyomwita, hapigi kelele, hali unga wetu, na tena anatembea na nyumba yake mgongoni.

Wazo hilo la mwisho ndilo linalomponza. Gamba si nyumba, wala si paa. Ni mfupa ulio hai, ulioungana na mbavu na uti wa mgongo wake. Lina mishipa ya damu na ya fahamu. Humkinga na meno ya mbwa, lakini halimkingi na baridi wala unyevu. Somo la toleo hili linaeleza sheria inasema nini kuhusu kufuga kobe, na jinsi ya kumpa makazi makavu nje ya nyumba wakati wa mvua.

Sheria kwanza

Kobe ni mnyamapori. Chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, hakuna anayeruhusiwa kumfuga, kumuuza wala kumsafirisha bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sheria hii haihusu ndovu na faru peke yao. Mnamo Mei 2025, mahakama iliyoko uwanja wa ndege wa JKIA jijini Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha mwaka mmoja, kwa kupatikana na chungu waliokusudiwa kuuzwa ng'ambo. Ikiwa chungu analindwa, kobe analindwa pia.

Tugawanye majukumu ili mkazi ajue pa kwenda. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeacha ulinzi wa wanyamapori kwa serikali ya kitaifa. Huduma za daktari wa mifugo na ustawi wa wanyama ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo kibali ni cha KWS, ambayo maafisa wake wako pia katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, bonde la Lambwe. Kobe akiugua, ofisi ya mifugo ya wadi ndiyo itakayokuelekeza kwa daktari.

Ukimkuta kobe porini au shambani, mwache. Akiwa katikati ya barabara na ni salama kwako kusimama, mvushe hadi upande aliokuwa akielekea, kisha uende zako. Ikiwa tayari una kobe nyumbani bila kibali, usimtupe kwenye kichaka chochote kile. Huenda akapeleka ugonjwa kwa kobe wa porini, au akafa kwa kutojua maji na chakula viko wapi. Piga ripoti kwa KWS, au mweleze chifu akuunganishe nao. Wakati unapowasubiri, mnyama bado anahitaji mahali pakavu pa kulala, na hilo ndilo tunaloendelea nalo.

Kwa nini mvua humdhuru

Kobe hawezi kuzalisha joto la mwili wake kama ng'ombe au kuku. Hulipata kutoka kwa jua na ardhi. Kobe mwenye madoa kama ya chui, anayejulikana sana Kenya, ni mnyama wa savana. Anaweza kunyeshewa na asiugue, mradi baada ya hapo apate jua na sehemu kavu. Kinachomuumiza ni kulala kwenye matope baridi usiku baada ya usiku.

Hapa kwetu hatari hiyo ipo. Ziwa Victoria lenyewe liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Kuria hupita mita 1,500, hivyo usiku wa mvua huwa na baridi. Udongo nao hutofautiana. Penye udongo mweusi wa mfinyanzi, maji hutuama kwa siku kadhaa. Kobe akiwa na baridi, chakula hakimeng'enywi vizuri, kinga ya mwili hushuka, na homa ya mapafu huingia. Hawezi kukohoa akatoa makohozi kama sisi, kwa hivyo ugonjwa huo humuua polepole huku mwenyewe ukidhani amelala.

Kujenga kibanda, hatua kwa hatua

1. Chagua mahali palipoinuka. Mvua kubwa inaponyesha, simama mlangoni uangalie maji yanapita wapi uani. Usijenge kwenye njia hiyo.

2. Inua sakafu. Tandaza mawe, kisha murram, ushindilie mpaka kimo cha takriban sentimita 30. Acha mteremko mrefu usio mkali mbele, wenye uso wa kukwaruza, ili kobe apande bila kuteleza na kupinduka.

3. Jenga kuta kwa mabanzi au kwa fito na udongo. Kwa kobe mmoja mkubwa, ndani patoshe mita moja kwa mita moja na nusu. Ziba nyufa za chini zinazopitisha upepo, lakini acha tundu la hewa karibu na paa.

4. Ezeka kwa mabati au nyasi nene, na uache upenu wa nusu mita pande zote. Maji ya paa yasimwagike mlangoni.

5. Elekeza mlango mashariki kama inawezekana, ili jua la asubuhi limfikie mapema. Ikiwa mvua ya kwenu hupiga kutoka upande huo, geuza mlango au uweke ubao wa kukinga mbele yake.

6. Chimba mfereji wa kutoa maji nyuma na kando ya kibanda, uujaze kokoto. Mfereji ulio wazi ni mtego: kobe hajui kuogelea, na akianguka chali kwenye maji ya kina kifupi anaweza kufa.

7. Tandika nyasi kavu nene. Weka akiba ndani ya nyumba au stoo, maana katikati ya Aprili hutapata nyasi kavu nje.

Uzio, maji na chakula

Kibanda ni cha kulala. Mchana kobe anahitaji uwanja wa kutembea, wenye jua na kivuli, na ukubwa wa mita tano kwa tano uwe ndio mdogo kabisa. Uzio uwe na kimo cha nusu mita, uzame ardhini kiasi, na usiwe wa wavu unaoonyesha nje. Akiona nje atasukuma mchana kutwa. Usimfunge kamba mguuni, na kamwe usitoboe gamba ili kupitisha kamba. Hilo ni jeraha kwenye mfupa, na ukatili kwa wanyama ni kosa chini ya Sura ya 360 ya sheria zetu.

Maji yawe kwenye sinia pana lisilozidi kina cha sentimita tano. Chakula chake ni nyasi na majani. Usimpe ugali, mkate, maziwa wala omena. Vyakula hivyo humharibia tumbo na figo. Maganda ya mayai yaliyochemshwa na kusagwa humwongezea madini ya kukaza gamba, lakini bila jua hayamsaidii. Migori tunalima tumbaku na miwa: majani ya tumbaku ni sumu, na shamba lililopulizwa dawa si malisho.

Hatari nyingine za msimu

Mvua huwatoa siafu mashimoni. Mbwa hukimbia, kuku hupiga kelele, lakini kobe hujikunja ndani ya gamba, na siafu humfuata humo humo. Kagua kibanda kila jioni. Ukiona msururu wao, mhamishie kobe kwenye kreti ndani ya nyumba. Kobe wadogo walale ndani kila usiku wa mvua, kwani hupoteza joto haraka, na kenge na panya huwawinda.

Mwite daktari wa mifugo mara moja ukiona mojawapo ya dalili hizi: mapovu au kamasi puani; kupumua kwa mdomo wazi huku akinyoosha shingo; macho kuvimba; kukataa chakula siku kadhaa hata jua likiwaka; gamba kuwa laini, kunuka au kutoa majimaji. Usimpe dawa za kuku au za watu kwa kukisia.

Kwa upande wa familia, kobe anaweza kubeba bakteria wa salmonela bila yeye kuugua. Kila anayemgusa anawe mikono kwa sabuni. Watoto walio chini ya miaka mitano wasimshike, na sinia lake lisioshwe pamoja na vyombo vya jikoni.

Jaribio la kiganja

Asubuhi baada ya mvua kubwa, ingiza mkono ndani ya kibanda na ubonyeze matandiko pale kobe anapolala. Kiganja kikitoka kikavu, kibanda kimefaulu. Kikitoka na unyevu, badilisha nyasi siku hiyo hiyo na utafute maji yanapoingilia. Rudia kila baada ya mvua.

Maswali ya kujipima

1. Kobe niliye naye ana kibali cha KWS? Kama hana, nimeshapiga ripoti?
2. Maji ya mvua yakipita uani, kibanda kiko juu yake?
3. Ana mahali pa kuota jua na pa kujificha siku hiyo hiyo?
4. Ni nani nyumbani anayekagua siafu kila jioni?

Kobe mwenye madoa anaweza kuishi zaidi ya miaka 50. Yule ambaye mtoto wako anatamani kumbeba leo anaweza kuwaona wajukuu wake, na porini ndiko atakakofika umri huo bila kukuhitaji. Tafadhali soma somo hili pamoja na watoto, ili atakayefuata kuokotwa aachwe aendelee na safari yake.