Kitenzi 'Kupotea' katika Ujumbe wa Ukaguzi wa Diski

Programu ya CHKDSK inapokagua diski yenye mfumo wa FAT, huweza kuripoti vipande ambavyo, kwa tafsiri ya neno kwa neno, huitwa 'vilivyopotea'. Mtumiaji wa kompyuta ya nyumbani huko Kimandolu, Arusha, mwenye nakala moja tu ya tasnifu, ataelewa kwamba maandishi yametoweka. Sivyo. Vipande vipo na vimesajiliwa kuwa vinatumika, ila hakuna faili linalovidai. Programu ikiagizwa kurekebisha, huuliza iwapo vigeuzwe mafaili. Jibu la ndiyo huvihifadhi kwa jina kama FILE0000.CHK, jibu la hapana huruhusu nafasi yake iandikwe upya. Kwa hiyo istilahi 'vipande visivyo na faili' inafaa zaidi: hueleza hali ilivyo, tena humzuia mtumiaji kukata tamaa akajibu hapana.