Chakula Kikavu cha Mbwa: Hesabu Bei ya Siku, Si Bei ya Kilo

Mbwa anayelinda boma usiku kucha, au anayeandamana na mbuzi malishoni kutwa nzima, hutumia nguvu nyingi kuliko yule anayelala kibarazani. Hata hivyo, katika maboma mengi wote wawili hupewa chakula kilekile: ukoko wa ugali na mabaki ya mchuzi, kama yapo. Mbwa asiyeshiba hatulii nyumbani. Huzurura jalalani na karibu na machinjio, na huko ndiko anakoweza kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Huko pia hula maini na mapafu mabichi yenye malengelenge ya tegu. Mayai ya tegu huyo hutoka na kinyesi cha mbwa, na mtoto anayecheza naye bila kunawa mikono anaweza kupata uvimbe wa maji kwenye ini au mapafu, ugonjwa ambao mara nyingi huhitaji upasuaji.

Ndiyo maana wakazi wengi sasa wananunua chakula kikavu dukani, kile cha punje ngumu kinachouzwa kwa mifuko au kwa kupimiwa kilo moja moja katika maduka ya agroveti. Swali la kwanza kaunta huwa ni moja: kilo ni pesa ngapi? Ni swali la haki kwa mtu mwenye bajeti, lakini peke yake linapotosha.

Kinachopaswa kusomwa kwanza ni maandishi yaliyo nyuma ya mfuko. Humo huandikwa asilimia ya protini, mafuta, nyuzinyuzi, unyevu na majivu (yaani madini). Viwango vinavyotumika Marekani, ambavyo watengenezaji wengi duniani huvifuata, vinataka chakula cha mbwa mzima kiwe na protini isiyopungua asilimia 18 na mafuta yasiyopungua asilimia 5.5, vikipimwa bila kuhesabu maji. Kwa watoto wa mbwa, protini haipaswi kushuka chini ya asilimia 22.5 na mafuta asilimia 8.5. Hicho ni kiwango cha chini tu. Mbwa wa kazi hufaa kupata zaidi, hasa mafuta, kwa sababu mafuta ndiyo kuni za mbwa anayekimbia mwendo mrefu. Mfuko wenye protini ya asilimia 22 hadi 26 na mafuta ya asilimia 10 au zaidi unamtosha mbwa wengi wanaowajua wakazi wa kaunti hii.

Baada ya hapo ndipo hesabu ya pesa inapoingia. Baadhi ya mifuko huonyesha idadi ya kilokalori kwa kilo. Isipoonyeshwa, mnunuzi anaweza kuikadiria mwenyewe kwa simu. Jumlisha protini, mafuta, nyuzinyuzi, unyevu na majivu, kisha toa jumla hiyo kwenye 100. Kinachobaki ni wanga. Zidisha protini kwa 3.5, wanga kwa 3.5 na mafuta kwa 8.5, halafu ujumlishe. Jibu ni kilokalori katika gramu 100.

Tuchukue mifano miwili. Mfuko wa kwanza una protini 20, mafuta 8, nyuzinyuzi 5, unyevu 10 na majivu 8. Wanga ni 49, na hesabu inatoa takriban kilokalori 3,100 kwa kilo. Mfuko wa pili una protini 24, mafuta 12, nyuzinyuzi 4, unyevu 10 na majivu 7. Wanga ni 43, na kilo moja ina takriban kilokalori 3,365. Tuseme wa kwanza unauzwa shilingi 240 kwa kilo na wa pili shilingi 260.

Mbwa wa kilo 20 anayefanya kazi huhitaji karibu kilokalori 1,320 kwa siku. Akila wa kwanza, atahitaji gramu 427, yaani shilingi 102. Akila wa pili, zinamtosha gramu 392, ambazo pia ni shilingi 102. Tofauti ya shilingi 20 iliyoonekana kaunta imeyeyuka. Na kwa pesa hizohizo, mbwa wa mfuko wa pili amepata gramu 94 za protini badala ya 85, na kinyesi cha kuzoa kitapungua. Kuna nyakati ambapo mfuko wa bei ya chini hushinda kweli, lakini hilo haliwezi kujulikana bila kupiga hesabu.

Wauzaji wengi hufungua gunia kubwa na kuuza kwa kupima. Mteja ana haki ya kuomba kuliona gunia lenyewe: tarehe ya mwisho wa matumizi, alama ya ubora ya KEBS kwa bidhaa za humu nchini, na viungo. Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Kama vitatu vya kwanza ni mahindi, pumba za ngano na mchele, protini iliyoandikwa inatoka zaidi kwenye nafaka, na mbwa huitumia kwa ugumu kuliko ile ya nyama, samaki au mayai. Gunia lililofunguliwa muda mrefu kwenye joto hunuka kama mafuta ya kupikia yaliyokaa sana. Hilo liachwe, hata likipunguzwa bei.

Ukungu ni jambo zito zaidi. Mwaka wa 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 nchini Kenya, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui. Sumu hiyohiyo hushambulia ini la mbwa, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaoathirika haraka. Mahindi yaliyokataliwa na watu kwa sababu ya ukungu hayapaswi kusagwa "ya mbwa". Mbwa aliyekula sumu hiyo hukataa chakula, hutapika, na macho na ufizi wake huweza kugeuka manjano. Huyo ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.

Wapo pia wanaomlisha mbwa chakula cha kuku kwa sababu ni rahisi kupatikana. Baadhi ya vyakula vya kuku huchanganywa na dawa za kuzuia ugonjwa wa kuhara damu, na aina kadhaa za dawa hizo hudhuru misuli na moyo wa mbwa. Akiba hiyo haina faida.

Kwa familia isiyoweza kununua chakula kikavu cha kutosha mwezi mzima, kuchanganya kunawezekana. Mbwa yuleyule wa kilo 20 anaweza kupewa gramu 250 za chakula cha mfuko wa pili, ugali wa gramu 100 za unga safi, na kiganja cha omena waliokaushwa, kama gramu 30, wakiwa wamechemshwa na kupondwa. Matumizi ya mfuko hupungua kwa zaidi ya theluthi, na omena huongeza protini pamoja na chokaa ya mifupa ambayo ugali hauna. Mchanganyiko huu ni wa mbwa mzima tu. Watoto wa mbwa na majike wanaonyonyesha wapewe chakula kilichotengenezewa hali yao. Chumvi nyingi, vitunguu na mifupa iliyopikwa visiingie kwenye sahani.

Kubadilisha chakula kufanywe polepole kwa siku saba hivi, robo mpya kwa robo tatu za zamani, kisha nusu kwa nusu, la sivyo mbwa atahara na mwenye mbwa atalaumu mfuko. Chakula kigawanywe mara mbili kwa siku, na mbwa wa malishoni asile sana muda mfupi kabla ya kutoka mbio. Maji safi yawepo wakati wote, kwa kuwa chakula kikavu kina unyevu wa asilimia 10 tu.

Vipimo vya hapo juu ni mahali pa kuanzia. Mbavu ndizo zinazosema ukweli: zinapaswa kuhisika kwa kupapasa kidogo bila kuonekana kwa mbali. Zikionekana, ongeza sehemu moja ya kumi ya chakula. Zisipohisika, punguza kiasi hichohicho, kisha papasa tena baada ya wiki mbili. Asiye na mizani nyumbani aende na kopo lake agroveti, apimiwe mara moja linabeba gramu ngapi za chakula alichochagua, na achore alama kwa kalamu. Akibadilisha aina ya chakula apime upya, kwa sababu punje za mfuko mmoja ni nzito kuliko za mwingine.