Kusema Mbele ya Wakulima Wenzako

Mkulima wa Mbangala, ukichaguliwa kuwafundisha wenzako habari ya kukausha mahindi, shika haya.

1. Chagua neno moja tu: mahindi yenye unyevu huota kuvu, na kuvu huweza kutoa sumu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika Dodoma na Manyara.

2. Usiseme tu, onyesha. Tia mahindi yaliyopukuchuliwa na chumvi kavu katika chupa kavu ya kioo. Ziba, tikisa sana, kisha ngoja robo saa. Chumvi ikigandama kiooni, mahindi hayajakauka, yaanikwe tena.

3. Jaribu kwanza nyumbani.

4. Mpe mmoja wao chupa, afanye mwenyewe.

5. Mwisho waulize, nawe unyamaze usikie. Asiyeelewa leo, kesho ataweka unyevu ghalani.