Paa la Kijani au Paa la Udongo na Mimea? Suala la Istilahi katika Ujenzi wa Miji

Anayefasiri maandishi ya mazingira kutoka Kiingereza hushawishika kuandika "paa la kijani". Makala haya yanadai kwamba tafsiri hiyo sisisi, ijapokuwa nyepesi ulimini, inaificha dhana yenyewe.

Kietimolojia, "kijani" ni udogo wa "jani". Kwa hivyo istilahi hii ingepasa kumkumbusha msikilizaji mmea. Hata hivyo, matumizi yamekwisha kuligeuza neno hilo kuwa la rangi. Mkazi wa Nakuru akitajiwa paa la kijani atafikiria mabati yaliyopakwa rangi. Mabati hayo hayahifadhi tone hata moja la mvua. Huyamwaga maji yote mtaroni papo hapo.

Dhana inayokusudiwa ni nyingine kabisa. Juu ya zege hutandazwa utando usiopenyeza maji, kizuizi cha mizizi, safu ya kupitishia maji, kitambaa cha kuchujia, kisha udongo mwepesi na mimea. Udongo hunywa sehemu ya mvua na kuiachia nyingine polepole, nayo mimea hupoza hewa kwa kuvukiza maji. Paa la namna hii lilijengwa juu ya ukumbi wa jiji la Chicago mwaka 2001, likapandwa mimea zaidi ya 20,000. Nusu ya pili ya jengo hilo, iliyo ya serikali ya Cook, ilikuwa na paa jeusi la lami, nayo ikawa kipimo: wakati wa jua kali la kiangazi, upande wa lami ulipatikana kuwa na joto zaidi. Mwaka 2009, jiji la Toronto lilipitisha sheria ya kuyalazimu majengo mapya makubwa kuwa na mapaa hayo. Baada ya mafuriko ya Nairobi ya mwaka 2024 (ambayo mapaa pekee yasingaliyazuia), suala hili haliwezi kuhesabiwa kuwa la ughaibuni tu.

Istilahi ipi basi? "Paa la mimea" inakaribia, ila makuti na nyasi za kuezekea ni mimea pia, japo mikavu. "Paa la bustani" inaleta picha ya vyungu vya maua na viti vya kupumzikia. "Paa la udongo" ina sifa isiyopatikana katika hizo nyingine: inadokeza uzito. Kila sentimita moja ya maji yanayohifadhiwa udongoni huongeza kilo 10 kwa kila mita mraba, mbali na uzito wa udongo wenyewe. Mwenye nyumba asiyelijua hilo huweza kupakia udongo juu ya zege lisilokadiriwa kuubeba, na hapo upungufu wa istilahi huwa hatari kwa wapangaji.

Huenda ikapingwa kwamba "paa la udongo" ni tembe, nyumba ya Wagogo wa Dodoma. Pingamizi hilo ni dhaifu. Tembe ndiyo inayofunza kuwa udongo wa paani hubebwa na nguzo na boriti zilizowekwa kwa ajili ya mzigo huo. "Paa la udongo na mimea", ingawa ni ndefu kidogo, inataja uhai na uzito pamoja, nayo ndiyo inayostahili kupelekwa mbele ya wanaistilahi na wahandisi.