Nywele za mtoto zimegeuka nyekundu

Swali: Mtoto wangu ana miaka miwili. Tangu nimwachishe ziwa, nywele zake zimekuwa nyekundu na zinanyofoka hata nikimpapasa. Nimpake mafuta gani? – Mama, Masisi

Jibu: Mama, mafuta weka kando kwanza. Bonyeza kila mguu wake kwa juu kwa kidole gumba, hesabu hadi tatu, kisha achia. Kishimo kikibaki kwenye miguu yote miwili, mpeleke kituo cha afya leo hii: hiyo ni bwaki, na inaua. Hata kama hakibaki, mpeleke apimwe unene wa mkono.

Unywele umejengwa kwa protini. Mwili ukipungukiwa, nywele huwa za kwanza kunyimwa. Bugali wa muhogo hushibisha tumbo, lakini protini yake ni kidogo mno. Daktari Cicely Williams alipoitangaza bwaki mwaka 1935 kwa jina la kwashiorkor, alilichukua kwa Waga wa Ghana: ugonjwa wa mtoto anayepokonywa ziwa mdogo wake anapozaliwa.

Akishatibiwa, saga sambaza kavu za Ziwa Kivu pamoja na miba yake, changanya kwenye sombe yenye karanga na mawese. Maharagi yaive hadi yapondeke. Yai likipatikana, lake. Najua aliyelazimika kukimbia na kuacha ng'ombe na shamba lake anasoma haya kwa uchungu. Basi aanze na maharagi.

Nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi. Usimnyoe: tazama shinani, weusi utaanzia hapo.