Kuandaa Harambee kwa Ajili ya Shirika la Hisani

Harambee ni neno lililoandikwa katika nembo ya taifa la Kenya, na tangu uhuru wa mwaka 1963 limekuwa pia jina la mkutano wa kuchanga. Shule na zahanati nyingi zilijengwa kwa njia hiyo. Hata hivyo, anayekusanya fedha kwa jina la shirika la hisani hushika amana ya watu wengine: mchangaji humwamini, na mhitaji humtegemea. Somo hili linaeleza jinsi ya kuilinda amana hiyo tangu kadi ya kwanza hadi hesabu ya mwisho.

1. Pata idhini

Usiliandike jina la shirika kwenye kadi kabla hujapata barua yake ya kukubali. Barua itaje kusudi la mchango, akaunti itakayopokea fedha, na afisa wa kuwasiliana naye. Omba kuona cheti cha usajili, kisha ukithibitishe kwa mamlaka iliyokitoa. Shirika linalokwepa kukionyesha halistahili jasho lako.

Kuomba michango kwa umma nchini Kenya kunatawaliwa na Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, nayo hudai leseni. Ulizia utaratibu mapema katika ofisi ya naibu kamishna wa kaunti. Ukikusudia kuchezesha bahati nasibu, uliza kwanza, kwani mchezo huo una sheria yake. Nawe uliye mtumishi wa umma, usifanye ofisi yako mahali pa kuchangisha, wala usitumie cheo chako kumshinikiza mtu atoe.

2. Piga hesabu ya gharama

Hema, viti, vipaza sauti na chakula hulipiwa hata wageni wakiwa wachache. Tuseme zimekusanywa shilingi 120,000, na gharama ni shilingi 50,000. Shirika litapata shilingi 70,000 tu, ilhali mchangaji aliyetoa 1,000 alidhani zote zimewafikia watoto. Tafuta wafadhili wa hema na chakula, au uwaeleze wachangaji waziwazi kwamba gharama zitatolewa katika mchango.

3. Linda kadi na fedha

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila kadi ya mchango iwe na nambari, na daftari lionyeshe nani alichukua kadi zipi. Siku ya mwisho zirudishwe zote, hata zile tupu. Kadi isiyorudi huenda ingali inakusanya fedha mitaani.

Fedha za simu zielekezwe kwenye nambari ya Paybill ya shirika lenyewe. Usitumie nambari yako binafsi, hata ukiwa mwaminifu kiasi gani: mchango ukichanganyika na fedha zako za nyumbani, hutaweza kuthibitisha uaminifu wako.

Fedha taslimu zihesabiwe hadharani na watu wawili wasio jamaa, kila mtoaji apewe stakabadhi, na jumla itiwe saini kabla ya wageni kuondoka. Ziwekwe benki siku ya kwanza ya kazi inayofuata.

Tenganisha fedha na ahadi. Mgeni akisimama na kuahidi 20,000, ziandikwe katika orodha ya ahadi pamoja na tarehe ya kulipa. Usimwagize fundi kazi wala usinunue kitu kwa kutegemea ahadi.

4. Amua mapema kuhusu salio na upungufu

Hapa ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Ikiwa mchango ni wa kununua tangi la maji na fedha zimezidi, ziada itafanya nini? Zikipungua, zitanunua tangi dogo au zitarudishwa? Jibu liandikwe kwenye kadi kabla ya shilingi ya kwanza kutolewa, kwa sababu baada ya hapo kila mtu atakuwa na jibu lake.

5. Toa hesabu

Katika muda uliowatangazia wachangaji, wapelekee taarifa ya ukurasa mmoja: kilichokusanywa, kilichotumika, ahadi zisizolipwa, na kiasi kilicholifikia shirika, pamoja na stakabadhi ya shirika. Picha za watoto au wagonjwa zisitumike bila ridhaa yao au ya walezi wao. Umaskini haumwondolei mtu heshima yake.

Maswali ya kujipima

1. Je, nina barua ya shirika na leseni mkononi?
2. Je, mtu asiyenifahamu anaweza kuifuata kila shilingi kutoka kwenye kadi hadi benki?
3. Je, mchangaji anajua ziada itakwenda wapi?

Ukikosa jibu hata kwa swali moja, ahirisha harambee. Tarehe inaweza kubadilishwa, lakini wachangaji wakishapoteza imani, shirika lile litakalokuja kuomba baada yako ndilo litakalolipa.