Vitabu Vyetu na Nauli ya Posta

Muhula uliopita ndugu yetu mmoja aliyesoma hapa, ambaye sasa anakaa Uingereza, alituandikia akiomba vitabu vya kwetu, vya Kiswahili na vya Kiacholi, watoto wake wasije wakasahau lugha ya nyumbani. Chama chetu cha vitabu kikanunua vitabu 6, na mimi nikatia barua ya salamu ndani ya kifurushi. Posta tukatozwa nauli iliyozidi bei ya vitabu vyenyewe. Nilikasirika, lakini kosa lilikuwa langu. Kwa hiyo nimeona yafaa tujifunze kazi hii.

Ya kwanza ni daraja. Nchi karibu zote hufuata kanuni za Umoja wa Posta Ulimwenguni, ulioanzishwa Bern, Uswisi, mwaka 1874. Vitu vilivyopigwa chapa vina daraja lao, na aghalabu nauli yake ni nafuu kuliko ya barua au ya vifurushi vya kawaida. Lakini ndani yake pasiwe na barua. Ukitia barua, kifurushi chaweza kuhesabiwa katika daraja la juu. Salamu zako zipeleke mbali.

Ya pili ni uzito. Pakiti ndogo haizidi kilo 2, na pakiti ya vitabu haizidi kilo 5. Tena uko mfuko maalum, uitwao mfuko wa M, wa vitabu vingi viendavyo kwa mtu mmoja mahali pamoja. Huo hufika kilo 30. Si kila posta inaukubali, basi mwulize karani kabla ya kufunga.

Na tupige hesabu. Karatasi moja ya A4 ya kawaida ina uzito wa gramu 5. Kitabu cha A5 chenye kurasa 200 kimetumia karatasi 50 za namna hiyo, yaani gramu 250; pamoja na jalada, tuseme gramu 300. Basi vitabu 6 ni kilo 1.8, na gramu 200 zabaki kwa karatasi ya kufungia. Katika kilo 5 huingia vitabu 16. Jalada gumu huongeza uzito, kwa hiyo chagua jalada jepesi.

Ya tatu ni njia. Ndege ni ghali. Meli ni rahisi, lakini hukawia miezi. Siku hizi njia ya meli haipatikani kila mahali: posta ya Marekani iliiacha mwaka 2007. Uliza nauli zote mbili, ndipo uchague.

Ya nne ni kufunga. Vitie vitabu katika mfuko wa nailoni, maana unyevu huviharibu. Jaza pembe za sanduku kwa magazeti, vitabu visichezecheze. Andika anwani nje, na nakala yake uiweke ndani. Katika fomu ya forodha andika kweli: "vitabu", idadi yake na bei yake. Nchi zilizoingia Mkataba wa Florence wa mwaka 1950 hazitozi vitabu ushuru wa forodha. Mwisho, tunza risiti.

Kwa nini tujisumbue hivi? Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi Nairobi mwaka 1966 ili kukusanya vitabu vya Afrika Mashariki, maana vingi havikufika kwa wauza vitabu wa ng'ambo. Maktaba kubwa ina fedha zake. Mtoto wa ndugu yetu anatutegemea sisi, na nauli ikitushinda, atakua bila hadithi za kwao. Haba na haba hujaza kibaba: pakiti moja kila muhula yatosha kuanzia.

Maswali
1. Kitabu cha A5 kina kurasa 320, na jalada lake ni gramu 50. Vitabu vingapi vitaingia katika kilo 2, ukiacha gramu 150 za kufungia?
2. Kwa nini barua isitiwe ndani ya pakiti ya vitabu?
3. Nenda posta ya karibu, uulize nauli ya kilo 2 za vitabu kwenda Uingereza, kisha uilinganishe na bei ya vitabu.